Selimundu: kwa nini ugonjwa huu upo kwetu, na utafiti umeonyesha nini

Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli, ni ugonjwa wa damu ambao mtoto anazaliwa nao. Hauletwi na mbu. Hauambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja, na mtu aliyeongezewa damu hawezi kuupata kwa damu hiyo. Mtoto anaurithi kwa baba na mama, wote wawili, na mara nyingi wazazi hao hawajawahi kuugua hata siku moja kwa sababu yake.

Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa Tanzania kila mwaka wakiwa na selimundu, idadi inayoiweka nchi yetu miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa kabisa duniani. Hata hivyo, vijijini ugonjwa huu mara nyingi hautajwi kwa jina lake. Mtoto anavimba vidole, analia usiku, macho yanakuwa ya njano, damu inapungua. Anapelekwa zahanati, anatibiwa malaria, nafuu inakuja, na baada ya mwezi mambo yanaanza upya. Watu wanaanza kusema ni mchango, wengine wanasema karogwa. Mama ndiye anayeulizwa amekula nini au amemkosea nani. Watoto wengine wanazikwa kabla hawajapimwa.

Katika makala haya tunaeleza mambo mawili: kwa nini damu ya namna hii inapatikana zaidi kwetu kuliko sehemu nyingi za dunia, na watafiti, wakiwamo waliofanya kazi hapa hapa Korogwe, wamegundua nini kinachoweza kumweka mtoto hai.

Chembe iliyopinda kama mundu

Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo sana zilizojaa kitu kinachoitwa himoglobini. Kazi ya himoglobini ni kubeba hewa safi kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwili mzima. Chembe ya kawaida ni ya mviringo, laini, imebonyea kidogo katikati, na hupita kwenye mishipa myembamba kuliko unywele bila shida. Inaishi siku kama 120, kisha inachakaa na mwili unatengeneza nyingine.

Kwa mwenye selimundu, himoglobini ni ya aina nyingine, inayoandikwa kwa herufi S. Ikishatoa hewa yake, himoglobini hiyo inajipanga kama vijiti ndani ya chembe, na chembe inakakamaa na kupinda kama mundu wa kukatia majani. Ndipo lilipotoka jina. Chembe za namna hiyo zinakwama kwenye mishipa midogo kama takataka kwenye mfereji. Sehemu iliyo mbele inakosa hewa, na hapo maumivu yanaanza: mifupa, mgongo, tumbo, kifua. Chembe hizo pia hufa mapema, baada ya siku 10 hadi 20 tu. Mwili hauwezi kutengeneza mpya kwa kasi hiyo, ndiyo maana damu inapungua hata kama mtoto anakula vizuri. Njano ya macho nayo ni mabaki ya chembe zilizovunjika.

Kiungo kinachoumia mapema kuliko vingi ni bandama. Bandama ndilo linalochuja vijidudu kutoka kwenye damu, na kwa mtoto mwenye selimundu huharibika akiwa bado mdogo. Baada ya hapo homa inayoonekana ya kawaida inaweza kumuua ndani ya siku moja. Tunaomba wazazi walishike jambo hili kuliko mengine: kinachoua watoto wengi wenye selimundu si maumivu, ni maambukizi na kupungukiwa damu ghafla.

Sarafu ya baba na sarafu ya mama

Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Zikiwa zote za kawaida, mtu ni AA. Moja ikiwa ya kawaida na nyingine ya selimundu, ni AS. Huyu si mgonjwa. Tunamwita mbebaji, analima, anacheza mpira, anazeeka. Zikiwa zote mbili za selimundu, ni SS, na huyu ndiye mgonjwa.

Sasa chukua baba mbebaji na mama mbebaji. Kila mimba inapotungwa ni kama kila mmoja wao anarusha sarafu. Upande mmoja wa sarafu ni A, upande mwingine ni S. Zikiangukia S zote mbili, mtoto ni mgonjwa. Hilo hutokea, kwa wastani, mara moja katika kila nne. Mara mbili katika nne mtoto atakuwa mbebaji, na mara moja atakuwa AA.

Hapa wengi hukosea hesabu. Mara moja katika nne haimaanishi kwamba ukishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kuna nyumba yenye watoto watano wazima na wazazi wote ni wabebaji, na kuna nyumba yenye wagonjwa watatu mfululizo. Tena sarafu ya mama peke yake haiwezi kuleta ugonjwa, kwa hiyo mume anayemfukuza mke kwa sababu ya mtoto wa selimundu anamfukuza kwa kosa ambalo nusu yake ni lake, kama tutaliita kosa.

Alichokiona Allison

Mwaka 1949 kijana aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Uingereza, Anthony Allison, alishiriki safari ya utafiti Kenya. Alipima damu za watu wa makabila mbalimbali na akaona jambo lililomshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wabebaji wa S walikuwa wengi, mahali pengine zaidi ya mmoja katika kila watu watano. Nyanda za juu walikuwa wachache sana. Swali lake lilikuwa rahisi: kama watoto wa SS hufa wadogo na hawaachi watoto, kwa nini S haijaisha? Ilipaswa kupungua kizazi hadi kizazi.

Akaliangalia eneo lenyewe. Pwani na ziwani kuna mbu wa malaria mwaka mzima, juu milimani kuna baridi na mbu ni wachache. Mwaka 1954 alichapisha jibu lake: mtu mwenye S moja, yaani mbebaji, ana kinga dhidi ya malaria kali. Anaweza kuugua, lakini mara chache malaria humfikisha pabaya. Kwa hiyo palipo na malaria nyingi, wabebaji walikua na kuzaa kuliko wenzao, na S ikaendelea kurithiwa.

Ushahidi mmojawapo ulitoka Musoma, wakati huo Tanganyika, katika takwimu alizozichapisha mwaka 1956. Kati ya watoto wachanga 287 waliopimwa, 89 walikuwa wabebaji, yaani kama 31 katika kila 100, na 9 walikuwa SS. Kati ya watu wazima 654, wabebaji walikuwa 249, kama 38 katika kila 100, na SS walikuwa 5 tu. Tufanye hesabu ya darasani. Kama watu wazima wangekuwa na SS kwa kiwango kilekile cha watoto, tungetarajia kama 20. Walipatikana 5. Namba ni ndogo na hatuwezi kuzibebesha mzigo mkubwa kupita kiasi, lakini zinaonyesha pande zote mbili kwa wakati mmoja: wabebaji wanaongezeka kadiri umri unavyokwenda kwa sababu malaria inawaacha, na wagonjwa wanatoweka.

Nusu karne baadaye, watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, waliipima kinga hiyo kwa karibu zaidi. Katika matokeo yaliyotoka mwaka 2005, wabebaji walipata malaria ya kawaida pungufu kwa karibu nusu, walilazwa hospitali kwa malaria pungufu kwa karibu robo tatu, na malaria kali iliyotishia uhai ilipungua kwa karibu asilimia 90. Ni kinga ambayo hata chanjo zetu za sasa za malaria hazijaifikia.

Lakini kinga hiyo ni ya mbebaji. Si ya mgonjwa. Kuna dhana kwamba mtoto wa sikoseli hapati malaria, kwa hiyo hana haja ya chandarua. Huko Muhimbili, kundi la watafiti likiongozwa na Profesa Julie Makani liliangalia jambo hilo na kutoa matokeo mwaka 2010. Ni kweli vimelea vya malaria vilionekana mara chache zaidi kwa wagonjwa wa selimundu. Ila waliolazwa wakiwa navyo walikuwa katika hatari kubwa ya kuishiwa damu na kufa. Malaria humjia mara chache, ikimjia inamwangusha.

Kutoka bondeni Korogwe hadi milima ya Usambara

Ukitaka kueleza uhusiano wa damu na malaria kwa mtu asiyejua, mlete Korogwe. Chini kuna bonde la mto Pangani, joto, mashamba ya mkonge na mpunga. Ukipanda gari kuelekea Bungu, ndani ya muda mfupi umefika kwenye baridi na mashamba ya chai. Ni wilaya moja yenye hali mbili za malaria. Ndiyo sababu moja iliyofanya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ifanye kazi nyingi hapa na katika wilaya jirani za Muheza na Lushoto.

Wanasayansi wa NIMR pamoja na wenzao wa Denmark walipima damu za watu wa vijiji vya mwinuko tofauti kaskazini mashariki mwa nchi. Hawakuangalia S peke yake. Waliangalia pia hali nyingine mbili za kurithi ambazo watu wengi hapa wanazo bila kujua. Ya kwanza ni talasemia ya alfa, ambapo mwili unatengeneza sehemu moja ya himoglobini kwa upungufu. Kwetu aina yake ya kawaida ni nyepesi. Mtu anaweza kuwa na damu kidogo chini ya wastani na asijue maisha yake yote. Ya pili ni upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, unaowapata zaidi wanaume. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 na 2008 yalionyesha picha ileile ya Allison: talasemia ya alfa ni ya kawaida zaidi palipo na malaria zaidi, na watoto wenye hali hiyo walipata vipindi vichache vya malaria ya kawaida kuliko wenzao.

Kwa hiyo damu ya mtu wa bondeni imechongwa na malaria kwa njia zaidi ya moja. Na njia hizo haziongezani kama mtu angedhani. Watafiti wa Kilifi waligundua kwamba mtoto akirithi S moja pamoja na talasemia ya alfa, kinga dhidi ya malaria karibu yote inapotea, ingawa kila moja ikiwa peke yake inamlinda. Sisi tunaona hili ni moja ya mambo ya ajabu katika utafiti mzima wa damu.

Hali hizi si mambo ya maabara tu. Mwaka 2008 dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap iliondolewa sokoni kwa sababu dapsoni iliyokuwamo ilivunja chembe za damu za watu wenye upungufu wa G6PD. Bila kuijua damu ya watu, hata dawa nzuri inaweza kudhuru.

Tusifikiri pia kwamba S ni ya kabila fulani. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalileta manamba kutoka pande zote za Tanganyika na nje yake, na wengi walioa na kubaki. Handeni ya leo ina Wazigua, Wasambaa, Wamaasai na watu waliofuata ardhi, biashara au barabara kuu. Jina la ukoo halitakuambia kama wewe ni mbebaji.

Malaria inapungua, selimundu haipungui

Katika vijiji vya Korogwe vilivyofuatiliwa na NIMR, mwaka 2003 watu 78 katika kila 100 waliopimwa bondeni walikuwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2008 walikuwa 13. Milimani walitoka 25 hadi 3. Sababu ni zaidi ya moja. Vyandarua vyenye dawa na dawa mseto ni miongoni mwake. Korogwe pia ilikuwa moja ya sehemu za majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha itumike kwa watoto mwaka 2021.

Hizi ni habari njema zenye jambo ndani yake. Malaria ikipungua, faida ya kuwa mbebaji inapungua nayo. Lakini S haiondoki kwa sababu mbu wameondoka. Itachukua vizazi vingi kupungua. Wakati huohuo watoto wa SS ambao zamani wangekufa kwa malaria kabla ya kutembea sasa wanafika umri wa kwenda shule. Maana yake wagonjwa watakuwa wengi zaidi mbele ya macho yetu, madarasani, kwenye zahanati. Tunadhani mipango ya afya ya wilaya zetu haijalifikiria hili vya kutosha: malaria ina kitengo, ina mratibu, ina vipimo kila zahanati. Selimundu bado inasubiri.

Damu inayochukuliwa na watafiti

Hatuwezi kuzungumzia utafiti wa damu vijijini bila kutaja mumiani. Hofu ya watu wanaonyonya damu ya wenzao ni ya tangu enzi za mkoloni, na kila gari geni likifika na watu wenye mabomba ya sindano, inafufuka. Hatuoni sababu ya kuicheka. Ni haki ya mtu kuuliza damu yake inakwenda wapi.

Utafiti wowote wa afya nchini lazima uwe na kibali cha maadili, na viongozi wa kijiji wanaweza kuomba kukiona. Mtafiti anapaswa kukueleza kwa Kiswahili unachoelewa anatafuta nini, atachukua damu kiasi gani, itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama itapelekwa nje ya nchi. Una haki ya kukataa, au kukubali na kujitoa kesho yake, na huduma yako ya zahanati isiguswe. La muhimu kwa habari yetu: uliza kama utapewa majibu. Katika utafiti wa damu za kurithi, mzazi anayeambiwa mapema kuwa mtoto wake ni SS amepewa kitu kikubwa kuliko sabuni au nauli.

Kipimo kipi?

Kuna kipimo cha zamani na rahisi ambacho maabara huangalia kwa darubini kama chembe zinapinda zikikosa hewa. Kasoro yake ni kwamba kinasema S ipo au haipo, basi. Hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Watu wamerudi nyumbani wakilia kwamba wana sikoseli, kumbe ni wabebaji wazima kabisa. Tena kwa mtoto mchanga kinaweza kudanganya, kwa sababu miezi ya mwanzo mtoto bado ana himoglobini aliyotoka nayo tumboni, ambayo inamkinga. Ndiyo maana dalili nazo huchelewa hadi miezi sita hivi.

Kipimo kinachotoa jibu kamili kinaitwa elektroforesi ya himoglobini, au mashine nyingine zinazofanya kazi ya namna hiyo. Hivi viko kwenye hospitali kubwa. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka vinavyofanana na kile cha malaria, tone moja la damu, majibu ndani ya robo saa, vinavyotofautisha AA, AS na SS. Ukiambiwa mtoto ana sikoseli, uliza swali moja: ni AS au SS? Kama jibu halipo, omba rufaa. Na kama mtoto ameongezewa damu karibuni, mwambie mpimaji, kwani damu ya mtu mwingine inaweza kuficha ukweli hadi miezi kama mitatu.

Uchunguzi wa watoto 3,981 waliozaliwa Muhimbili na Temeke kati ya mwaka 2015 na 2016 ulipata 31 wenye selimundu na 505 wabebaji. Kanda ya Ziwa, ambako sampuli zaidi ya 17,000 za watoto zilipimwa, mmoja katika kila watano alikuwa mbebaji. Kupima watoto wachanga kunawezekana Tanzania. Kilichobaki ni kukifikisha kipimo hicho kwenye kliniki ya Mkata au Mombo.

Na neno moja kwa kina baba. Ikitokea majibu ya wazazi na mtoto hayaendani, usikimbilie kumshuku mama. Makosa ya maabara na ya kuandika majina ni mengi. Rudieni kipimo, wote watatu, mahali pengine.

Kinachomweka mtoto hai

Muhimbili walianza kufuatilia wagonjwa wa selimundu mwaka 2004. Kwa wagonjwa zaidi ya 1,700 waliofuatiliwa hadi 2009, vifo vilikuwa kama 2 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, lakini kwa walio chini ya miaka mitano vilikuwa 7. Hapo ndipo pa kuweka nguvu, na dawa zinazohitajika si za ajabu.

Penisilini ya kunywa, mara mbili kwa siku, tangu mtoto anapogundulika hadi atimize miaka mitano, huzuia maambukizi yanayotumia nafasi ya bandama lililoharibika. Chanjo zote za kliniki zikamilike, hasa ile ya nimonia. Foliki asidi husaidia mwili kutengeneza chembe mpya. Chandarua kila usiku, na muulize mtoa huduma kuhusu dawa ya kuzuia malaria kwa mtoto mwenye selimundu. Maji anywe mara kwa mara, zaidi wakati wa joto la Handeni. Mwili ukikauka, chembe zinapinda. Mvua na kuoga maji ya baridi pia huamsha maumivu kwa baadhi ya watoto. Dawa za kuongeza madini ya chuma asipewe ovyo kwa sababu tu damu imepungua: upungufu wake hautokani na ukosefu wa chuma, na chuma kikizidi kinadhuru ini na moyo. Walimu waambiwe. Mtoto anayeomba kwenda kunywa maji au kukaa pembeni wakati wa mchakamchaka si mvivu.

Kisha kuna haidroksiyurea, dawa ya kunywa kila siku inayoufanya mwili urudie kutengeneza ile himoglobini ya tumboni. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kwamba kwa mtoto wa Afrika ingepunguza kinga na kumfungulia malaria mlango. Jaribio lililofanywa Kilifi, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606 lilijibu hofu hiyo katika matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa 2018. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu. Vipindi vya malaria, ambavyo ndivyo vilivyohofiwa, navyo vilipungua kwa nusu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Dawa hii inahitaji kupimwa damu mara kwa mara na bei yake inaumiza familia ya mkulima, lakini kwa maoni yetu, kwa sasa hakuna jambo lingine ambalo lingebadilisha maisha ya wagonjwa wa mkoa huu kwa haraka kama kuipata kwenye hospitali za wilaya.

Tiba ya kuondoa ugonjwa kabisa ipo pia, kwa wachache. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, uloto ukitoka kwa ndugu wa damu anayelingana. Tiba ya kurekebisha vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza mwaka huohuo inauzwa Marekani kwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo tuiache hapo.

Usisubiri kuche

Mtoto mwenye selimundu akipata homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo akiwa mweupe ghafla viganjani na midomoni, akipumua kwa shida au kubanwa kifua, tumbo likivimba upande wa kushoto chini ya mbavu, akilegea mkono au mguu wa upande mmoja, au maumivu yakikataa kutulia kwa dawa ya nyumbani. Wavulana wana dalili moja wanayoificha kwa aibu: uume kusimama wenyewe kwa maumivu. Ukipita saa nne ni dharura, na mwana lazima ajue tangu mapema kwamba anaweza kumwambia baba au mjomba bila kugombezwa.

Bandama linalovimba ghafla ni hatari ambayo mzazi anaweza kuiona kabla ya daktari. Mwombe mhudumu wa kliniki akufundishe kulipapasa, dakika tano tu zinatosha.

Kwa aliye Korogwe, rufaa ya kawaida huanzia Magunga, kisha Bombo Tanga, na kutoka hapo KCMC au Muhimbili. Beba kadi ya kliniki, majibu ya kipimo cha aina ya damu yanayoonyesha SS, na orodha ya dawa anazotumia. Nenda na ndugu wawili wanaoweza kutoa damu. Ukifika mapokezi, usiseme mtoto ana homa. Sema kwanza ana selimundu, halafu useme ana homa.